Mosoti na Umri wa Karatasi

Mosoti Kebaso alizeeka kwa sababu ya swali moja. Mwaka wa 1934, alipofika estate ya Tabarit kutoka milima ya Kisii, miguu mitupu na njaa ya siku mbili, alimkuta karani wa kuandikisha wafanyakazi akiwa na foleni ndefu na subira fupi. Karani alikuwa Mkipsigis wa huko huko. Hakumwuliza alizaliwa mwaka gani, maana siku zile nani aliujua mwaka? Alimwuliza kama ametahiriwa. Mosoti akasema ndiyo, bwana, imetimia miaka mitatu. Na alisema kweli tupu.

Sasa tazama jinsi ukweli unavyoweza kumponza mtu. Kwa Wakisii mvulana hutahiriwa angali mdogo, akiwa na miaka kumi hivi. Kwao karani, aliyetahiriwa ni mwanamume kamili wa miaka kama ishirini, anayeanza kutafutiwa mke. Karani akachukua ishirini ya kwao, akajumlisha tatu ya Mosoti, akaandika ishirini na tatu. Alipoinua macho na kumwona huyo mwanamume kamili anamfikia kifuani, hakufuta kitu. Aliongeza neno "mfupi", akaita mwingine.

Mosoti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Lakini mtu mzima alipewa posho kamili na mtoto alipewa nusu, kwa hiyo alifunga mdomo, kama ambavyo wewe na mimi tungefunga yetu. Akapokea jembe lililomzidi urefu, akaenda kulima.

Tabu ni kwamba umri wa karatasi nao hupanda kila mwaka. Mosoti alipofika arobaini, karatasi ilifika hamsini. Ofisi ikamwonea huruma, ikamtoa kwenye kazi ya kupakia magunia ya majani kwenye trela, ikampeleka kitaluni kupalilia miche ya chai pamoja na wazee. Kazi yenyewe hufanywa mtu ameketi kwenye kigoda. Mosoti akaketi miaka kumi. Wenzake walimwita mzee, akaitika. Alichonga mkongojo kwa sababu wenzake wote walikuwa nao. Akajifunza kuguna akiinuka, akajifunza kuilalamikia baridi ya asubuhi, na magoti yake, kwa kusikia magoti ya wengine yakisimuliwa kutwa, nayo yakaanza kuuma. Ilipofika 1971, akiwa na miaka hamsini tu ya kuzaliwa, mtu huyo alikuwa amezeeka kweli, tena kwa bidii.

Mwezi wa Januari tangazo likabandikwa kwenye ubao wa ofisi. Kila aliyetimiza miaka sitini angeondoka kazini mwisho wa Juni, na nyumba ya kampuni angeiacha, yeye na mkewe. Angebaki yule tu ambaye mwezi wa Mei angeweza kubeba gunia la majani mabichi, ratili mia moja, kutoka bondeni kwenye shamba namba sita mpaka banda la kupimia, bila kupumzika njiani.

Nyambeki, mkewe, ndiye aliyemsomea. Alikuwa mchuma majani, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi, na katika nyumba ile ndogo ya matofali, kwenye laini ya wafanyakazi, ndimo alimozalia mabinti wake watatu na kuwaoza.

"Tutaenda wapi?" aliuliza.

Lilikuwa swali zuri. Kule Kisii shamba la baba yao lilikwisha kugawanywa na ndugu, na kipande alichobakishiwa Mosoti kilikuwa chembamba kiasi kwamba ng'ombe akisimama humo, mkia wake uko kwa jirani. Mosoti akaketi kitandani kufikiri. Alipotaka kusimama akashindwa, ikabidi Nyambeki amvute kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipoogopa hasa.

Kesho yake alikwenda zahanati kuomba sindano ya nguvu. Nesi, Tecla, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kanisani.

"Hakuna sindano ya nguvu, mzee," alisema. "Lakini misuli yako haijui kusoma. Haijui faili inasema una miaka ngapi. Ukiipatia kazi itaamka, ukiinyima italala."

Akamwonyesha pale pale. Uketi kigodani, usimame bila kushika kitu, mara tano, wiki ijayo mara nane. Uweke viganja ukutani, usukume, urudi. Ubebe mzigo mdogo, kisha uuongeze kidogo kidogo. Siku moja kazi, siku moja pumziko. Ule maharagwe, mayai na maziwa. Kifua kikibana, uache. Mosoti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena kama hakika hakuna sindano.

Wiki ya kwanza alisimama kigodani mara tatu, na Nyambeki akahesabu mpaka nane kumtia moyo. Lakini mwili haukuwa umesahau. Mwezi wa pili alikuwa akiinuka mara thelathini, huku Nyambeki akimwomba ainuke upande wa pili wa chumba maana anamkingia mwanga.

Kasheshe ilikuja na zoezi la ukuta. Nyumba za laini ziliungana, na nyuma ya ukuta wa Mosoti aliishi Rebeccah, mjane wa Kipsigis, mchuma majani pia, aliyetundika sahani zake za Krismasi ukutani zipendeze. Jioni ya tatu alikuja mlangoni na vipande mkononi.

"Wewe Mosoti, unataka kupomoa nyumba ya kampuni? Sahani yangu mbili imeanguka!"

Mosoti akaeleza habari ya Juni. Rebeccah akasikiliza, akamhurumia, lakini huruma hairudishi sahani. Akafikiri, akapata njia: kila Mosoti atakaposukuma kwa huku, yeye atasukuma kwa kule, ukuta usitikisike. Basi ikawa kila baada ya siku moja, saa kumi na moja jioni, Mosoti anagonga mara mbili, Rebeccah anajibu mara mbili, na wote wawili wanausukuma ukuta wa kampuni kwa nguvu zao zote, ukuta umesimama katikati, hauendi popote. Baada ya wiki sita Rebeccah aligundua kwamba mgongo uliomsumbua tangu enzi za mkoloni umepona. Hakuwaambia watu sababu, aliona aibu.

Mzigo nao ulianza kwa jiwe la ratili tano ndani ya kikapu cha kuchumia majani, mgongoni. Jiwe likawa mawili, yakawa sita. Mawe yalipoanza kutoboa kikapu, Nyambeki akasema mbona tunahangaika, mimi nipo. Akaingia mwenyewe. Watu wa laini wakawa wanamwona Mosoti akipanda njia ya bombani na mkewe mgongoni, Nyambeki ameketi humo ametulia, anachambua mboga, anasalimia watu kutoka juu.

"Mama, wewe mgonjwa?" wakamwuliza.

"Hapana," akajibu. "Nimeolewa tena."

Aprili ilipokwisha, Mosoti aliutafuta mkongojo wake akakuta Nyambeki ameutumia kuning'iniza nguo. Kifua kilikuwa kimejaa, shingo imesimama, na kwa kuwa Nyambeki alimnyoa mvi zote ili jasho lisimsumbue, nyuma alionekana kama mtu anayetafuta mchumba. Nasema hivi kwa sababu ndiko balaa ilikotokea.

Siku ya jaribio wazee wanane walishuka shamba namba sita. Watatu waliketi juu ya magunia yao kabla hata ya kuyainua. Mosoti alibeba lake, akapanda kilima, akafika banda la kupimia, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia alitue, akasimama nalo akiuliza habari za nyumbani. Kama angeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini aligeuka, akamwona Mzee Nyamwange, mwenzake wa kitaluni, amekwama katikati ya kilima. Moyo ukamwuma. Akashuka akachukua gunia la Nyamwange, akalipandisha. Kisha akashuka tena, akampandisha Nyamwange.

Karani wa wafanyakazi, bwana Adoyo, alikuwa amesimama pale na faili kwapani. Alitoka Kisumu miezi miwili tu iliyopita, kijana msafi, mpole, mwenye tai, na watu wa Tabarit aliwajua kwa kuwasoma.

"Jina?"

"Mosoti Kebaso."

"Miaka?"

"Hiyo iko kwa faili, bwana."

Adoyo akafungua faili. Akaangalia faili, akamwangalia mtu, akarudia faili.

"Faili inasema sitini," alisema. "Wewe si Mosoti. Wewe ni mtoto wake. Mzee mmemweka wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Adoyo peke yake hakucheka, na Mosoti, alipomwona hacheki, naye akaacha kucheka.

"Mimi sina mtoto wa kiume. Mungu alinipatia wasichana watatu."

"Haya, nani anaweza kusema wewe ni nani?"

Majirani walijitokeza, lakini Adoyo alisema jirani humtetea jirani. Akaitwa Orina, nyapara wa kitalu. Orina alimzunguka Mosoti mara mbili.

"Sauti ni yake," alisema. "Lakini Mosoti yangu hutembea na mkongojo. Na kigodani haamki bila kuvutwa. Huyu, siwezi kuapa."

Wakaenda ofisini kulinganisha alama ya kidole. Ile ya 1934 ilikuwa doa la wino, na hata ingekuwa safi isingesaidia, kwani Mosoti alipobonyeza gumba karatasini hapakutokea mstari hata mmoja. Miaka thelathini na saba ya jembe, magunia na udongo wa miche ilikuwa imeifuta yote. Adoyo alimbonyeza mara tatu, akamtazama kwa mashaka makubwa zaidi, kama mtu aliyekuja ofisini bila kidole.

Basi Mosoti akapiga moyo konde, akasema yote: kutahiriwa, ishirini ya karani, tatu yake, posho. Akasema ana miaka hamsini.

Adoyo alipiga hesabu pembeni mwa faili. "Ukiwa na hamsini, basi ulianza kazi ukiwa na kumi na tatu."

"Ndiyo, bwana."

"Kampuni haiajiri watoto."

"Iliniajiri mimi."

"Haiajiri watoto," alisema Adoyo kwa upole, "kwa hivyo haikuwa wewe." Akafunga faili. "Nakupa siku saba. Niletee Mosoti mwenyewe hapa, akiwa hai. Ukishindwa, nyumba inarudi, na mimi nitauliza polisi wamtafute huyo mzee."

Nyumbani Nyambeki alisema ni rahisi, azeeke tena. Akamketisha kigodani, akamfunika shuka, akamkataza kubeba hata kikombe. Mosoti alijitahidi kwa moyo wake wote. Aliguna, aliinamisha mgongo, alilalamikia baridi. Siku ya pili Nyambeki alirudi kutoka shambani akamkuta juu ya paa anagongelea bati la Rebeccah. Mwili ulikuwa umeonja kazi na haukuambilika.

Siku ya tano alimkumbuka Johana. Johana ndiye nyapara aliyempokea asubuhi ile ya 1934, akampeleka shambani na kumwonyesha namna ya kushika jembe lile refu. Yule karani alikwisha kufa zamani, lakini Johana yu hai, kwa binti yake Chepkosgei karibu na Litein, mwendo wa saa mbili. Mosoti akaondoka alfajiri.

Alimkuta mzee ameketi juani. Miguu ilikuwa imekataa, mwili umebaki mifupa na koti, lakini macho yalikuwa makali, na alimtambua Mosoti papo hapo.

"Wewe ulikuwa kitoko hivi," alisema kwa lafudhi ya Kipsigis, d ikiwa t na b ikiwa p, akionyesha kimo kwa mkono. "Mimi nilijua wewe ni mtoto. Lakini kwa jembe ulikuwa mtu."

Mosoti alitaka kulia. Ni siku nyingi hakuna aliyekuwa amemjua. Chepkosgei akawapa mursik, maziwa yao ya mgando, na Mosoti akamwingiza mzee kikapuni, akambeba mgongoni, wakashika njia ya Tabarit. Johana alikuwa mwepesi kuliko Nyambeki, na njiani alisimulia. Alifanyia kampuni kazi miaka ishirini na sita. Siku miguu ilipoanza kumsumbua, aliambiwa asirudi kesho. Hakuitwa ofisini, hakupewa mkono, hakuambiwa neno. Aliondoka na koti hilo hilo alilovaa.

"Ata asante," alisema nyuma ya sikio la Mosoti. "Ata asante, hapana."

Walipoingia ofisini Mosoti alitua kikapu sakafuni taratibu. Adoyo akainuka. Akaona mzee aliyekongoroka, mvi tupu, hana meno mbele, ameketi ndani ya kikapu cha kampuni. Uso ukamchangamka.

"Hatimaye!" alisema. "Karibu, Mzee Mosoti. Karibu sana. Tulikuwa tunakutafuta."

"Bwana, huyu ni shahidi..." Mosoti alianza.

Lakini Adoyo alikwisha kutoka mbio kumwita meneja, na meneja akaja na makarani wawili, na mmoja alibeba blanketi zito la sufu la kuwaaga wazee. Wakamzunguka Johana. Meneja akainama akamshika mkono.

"Wewe ndio Mosoti?" akauliza.

Johana alilitazama blanketi. Aliutazama mkono wake ulioshikwa na meneja. Kisha alimtazama Mosoti, na Mosoti aliona katika macho yale kwamba mzee anajua sawasawa anachotaka kufanya, anaona haya, na bado anaomba ruhusa.

Mosoti angeweza kupiga kelele. Aliwaza nyumba, aliwaza Nyambeki na kile kipande cha shamba cha kusimamisha ng'ombe nusu. Aliwaza pia miaka ishirini na sita na koti moja. Akainamisha kichwa kidogo.

"Ndiyo, pwana," alisema Johana. "Ni mimi."

Meneja akatoa hotuba. Alisema Mosoti alikuja kijana, akatoa nguvu zake zote kwa Tabarit. Alisoma kutoka kwenye faili kwamba kwa miaka thelathini na saba Mosoti hakukosa kazi ila siku tisa, na kwamba mwaka wa 1952 aliwahi kuokoa trela lililokuwa linabiringika. Mosoti alishtuka, hakujua kwamba kuna mtu aliliandika hilo. Alisimama nyuma, mikono mitupu, akisikia anavyosifiwa, na kila sifa ilikuwa ya kweli, na kila sifa iliwekwa kwenye mapaja ya Johana pamoja na blanketi. Makarani wakapiga makofi. Mosoti naye akapiga. Machozi yalimtoka na Adoyo akamshika bega, akasema ni vizuri kijana kumpenda baba yake.

Kisha Adoyo akarudi mezani, mwenye furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Alisema kampuni haina ubaya na mtu. Kijana ana nguvu, magunia yapo, aandikishwe. Akachukua faili jipya. Jina akaandika Kebaso Mosoti. Miaka, akamkagua mabega, akaandika ishirini na nane.

"Kwa hivyo utaretaya, yaani utastaafu, mwaka wa elfu mbili na tatu," alisema.

Mosoti akapiga hesabu polepole. Mwaka huo angekuwa na themanini na mbili.

"Na nyumba, bwana?"

"Nyumba utabaki nayo. Lakini humo nyumbani kuna mama, Nyambeki, bibi ya Mosoti." Adoyo alikuna kidevu. "Sheria inasema aondoke na mzee. Lakini wewe hujaoa. Nitaandika kama mama mzazi, anaweza kukaa na wewe."

Mosoti alimrudisha Johana Litein jua likiwa linaelekea kuzama. Njia nzima mzee alijifunika blanketi mpaka masikioni. Alipotuliwa kwake alishika mkono wa Mosoti hakutaka kuuachia.

"Nilikuipia," alisema.

"Hapana, mzee," Mosoti akamjibu. "Hiyo ni yako. Walichelewa tu."

Alipofika laini, taa ilikuwa inawaka na Nyambeki amesimama mlangoni.

"Walisema nini?"

"Tunabaki na nyumba."

Nyambeki akapiga kigelegele kifupi, kisha akauona uso wa mumewe, akakikata. "Na nini tena?"

"Walisema Mosoti alikuwa mfanyakazi mzuri sana. Wamemuaga. Mimi ninaanza Jumatatu."

Akamweleza yote, faili la zamani na faili jipya. Nyambeki alisikiliza hadi mwisho.

"Na mimi ni nani sasa?"

"Wewe ni mama yangu."

Nyambeki alicheka mpaka akashika kizingiti. Alicheka hata Rebeccah akagonga ukutani kuuliza kuna nini. Alisema kumbe Mungu amempa mtoto wa kiume, tena mwenye miaka hamsini, hahitaji kubebwa. Kisha kicheko kikabadilika, akaketi, akajifuta macho kwa kanga.

"Huyo Mosoti waliyemuaga," alisema. "Ni kweli walivyosema. Alifanya kazi sana."

"Unajuaje?" Mosoti akauliza.

"Mimi nilikuwepo," alisema Nyambeki. "Nilimwona."